Niliwaeleza ndugu zangu biashara ya kaboni kwa mfano wa ng'ombe, wakatia dole gumba

Wakuu, habari za mihangaiko.

Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta. Leo liwalo na liwe. Ninachosimulia ni kweli tupu, nimekifanya kwa mdomo wangu mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Majina nimebadilisha na shirika silitaji, kwa hiyo wale wa "weka jina hapa" mnisamehe mapema. Picha pia sina.

Mimi ni mkazi wa Bweri, Musoma. Kwetu hasa ni kijiji kimoja wilaya ya Butiama, Mzanaki wa baba na mama. Nina diploma ya mambo ya mazingira. Baada ya kuhitimu nilikaa mtaani miaka minne, nafundisha tuisheni watoto wa jirani na kufuga kuku ambao kideri kiliwapitia wote ndani ya wiki moja. Mliowahi kukaa mtaani na cheti kabatini mnanielewa.

Siku moja rafiki yangu wa Kigera akanipigia. Kuna shirika linatafuta kijana mwenye cheti cha mazingira na anayeongea Kizanaki cha kueleweka. Kazi inaitwa mhamasishaji jamii.

Nikaenda kwenye usaili. Wakaniambia nijieleze kwa Kizanaki. Nikajieleza dakika tatu nzima, wao wanatikisa vichwa, wanaandika. Baadaye nikaja kugundua hakuna hata mmoja pale aliyejua neno moja la Kizanaki. Ningeweza kuwatukana wote na kazi nikapata.

Hilo lilitakiwa linishtue, wakuu. Halikunishtua. Nilikuwa na njaa ya kazi.

Wakatupeleka semina Bunda, kwenye ukumbi mmoja maeneo ya Manyamanyama. Siku tatu, chai na vitumbua, mchana kuku. Hapo ndipo tukagawiwa yale makaratasi.

Kichwa chake: "Istilahi za Mazingira na Nishati." Safu ya kwanza Kiingereza. Safu ya pili Kiswahili. Safu ya tatu imeandikwa juu "Lugha ya jamii," halafu chini hakuna kitu, mistari mitupu. Ile safu ya tatu ndiyo ilikuwa kazi yetu. Kila mmoja ajaze kwa lugha ya kwao.

Niseme ukweli, nilinogewa. Nilikuwa sijawahi kupewa kazi inayotaka kichwa changu. Nilikaa na yale makaratasi mpaka wenzangu wakaniita Kamusi.

Ngoja niwape baadhi, maana najua humu tunayatumia haya maneno kila siku na wengi wetu tunayasema tu kwa sababu yanasikika kisomi.

Nishati jadidifu. Hii ni nishati ambayo ukiitumia leo kesho ipo tena: jua, upepo, maji yanayotiririka. Nilikuwa nawaambia watu waangalie dagaa pale mwaloni Musoma. Jua linakausha dagaa leo, linakausha kesho, na hujawahi kusikia jua limeisha. Mkaa ukiuchoma umekwenda. Walielewa palepale.

Gesijoto. Hizi ni hewa zinazokaa juu na kuzuia joto la dunia lisitoke. Mfano wangu ulikuwa godauni la pamba msimu wa mauzo: pamba imejaa mpaka juu, mlango umefungwa, wewe uko ndani. Joto ni lilelile la nje, ila halina pa kutokea.

Hewa ukaa. Hii ni mojawapo ya hizo gesijoto. Inatoka kwenye moto, kwenye magari, hata kwenye pumzi yetu. Miti inaila na kuiweka ndani ya shina na mizizi. Ukikata mti na kuuchoma, ile iliyokuwa imelala inaamka na kupanda juu.

Nishati safi ya kupikia. Gesi, umeme, na hata yale majiko banifu yanayotumia kuni kidogo. Kwenye hili akina mama walinicheka. Mama mdogo wangu alipewa jiko banifu zuri, akalijaribu kwa ugali wa udaga, ule mgumu wa muhogo, wa watu kumi na mbili. Sufuria ikayumba, ugali ukamwagika, akarudi kwenye mafiga yake. Jiko likawa kiti cha kukamulia ng'ombe. Ripoti yetu iliandika kaya hiyo "imefikiwa."

Kupunguza na kuhimili. Haya mawili hata waliotufundisha walikuwa wanayachanganya. Kupunguza ni kuzuia tatizo lisikue. Kuhimili ni kujipanga kuishi nalo maana limeshafika. Nyumba ikishika moto, anayemwaga maji anapunguza, anayetoa magodoro nje anahimili.

Basi, nikawa maarufu. Nikienda kijiji chochote watu wanacheka, wanaelewa, wananipigia makofi. Mratibu wetu, dada mmoja wa Kilimanjaro, nimwite Dada Irene, akawa anaongozana na mimi kila mahali. Niwe mkweli kwake pia: hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anaamka mapema kuliko sisi wote na aliamini kile anachokifanya.

Ukurasa wa mwisho wa yale makaratasi ulikuwa na neno moja refu: ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa. Maana yake ni kwamba mtu akubali jambo bila kulazimishwa, akubali kabla halijaanza, na awe amejua kila kitu kilichomo, hata kile kibaya.

Ile safu ya tatu ya neno hilo sikuijaza. Siku ya mwisho ya semina, tulipofika hapo, kuku alikuwa ameshaiva. Mwezeshaji akasema hilo mtalimalizia majumbani.

Sikulimalizia.

Sasa tuje nyumbani.

Juu ya kijiji chetu kuna mlima. Si mkubwa, una mawe makubwa na miti ya asili, na katikati ya mawe kuna majani ambayo hayakauki haraka. Ni mlima wa ukoo wetu na koo nyingine mbili. Masika hakuna anayeupanda. Kiangazi kikifika, mito ikikauka na uwandani pamebaki vumbi, ng'ombe wote wanapandishwa kule mpaka mvua irudi. Ndivyo ilivyokuwa kabla sijazaliwa.

Mwenye sauti kwenye ule mlima upande wetu ni baba mdogo Magesa. Huyu ndiye aliyenilea. Baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, baba mdogo akanichukua, sikuwahi kutofautishwa na watoto wake kwa chakula wala kwa fimbo. Nilipopata nafasi chuoni aliuza dume lake la kulimia. Mwaka ule walilima kwa jembe la mkono. Hajawahi kunikumbusha.

Shirika likaja na jambo jipya: biashara ya kaboni.

Wakuu, hii nayo niieleze, ingawa kuieleza ndiko kulikoniponza. Kuna watu mbali huko wenye viwanda na ndege. Wanachafua hewa. Badala ya kupunguza wao wenyewe, wanalipia msitu wa mtu mwingine usikatwe na usiguswe, ili ile hewa ukaa ibaki imelala kwenye miti. Msitu ukipimwa na kuhakikiwa, wanapewa hati, na hiyo hati wanahesabu kama vile wao ndio wamepunguza. Kijiji kinapata mgawo. Kwa sharti moja: miti isikatwe, mifugo isiingie, kwa miaka yote ya mkataba.

Mlima wetu ulikuwa kwenye orodha.

Nilipoliona jina la kijiji chetu nilifurahi, nisiwadanganye. Nikasema sasa nawapelekea watu wangu neema kwa mkono wangu.

Mkutano ulifanyika kwenye godauni la pamba la ushirika, maana nje palikuwa na mvua. Watu walijaa. Dada Irene akaeleza kwa Kiswahili, mimi natafsiri. Wazee wetu Kiswahili wanakisikia, ila likija jambo la ardhi wanataka lugha waliyonyonya.

Mkataba wenyewe ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nyingi. Muhtasari wa Kiswahili ulikuwa kurasa mbili. Mimi niliusoma ule wa kurasa mbili. Ule wa Kiingereza nilifunua mwanzo na mwisho, nikaona sahihi zinawekwa wapi.

Mambo yakaenda vizuri. Watu waliuliza kuhusu bati za shule, kuhusu walinzi wa msitu wataajiriwa vipi. Kisha baba mdogo akasimama.

Akauliza kwa Kizanaki, kwa sauti yake ya taratibu: "Sisi tunawapa hao watu mlima. Sawa. Siku tukiuhitaji mlima wetu, inakuwaje?"

Wakuu, hapa ndipo nilipokosea. Kazi yangu ilikuwa moja tu. Kugeuka, kumwambia Dada Irene swali lile neno kwa neno, kusubiri jibu, kulirudisha.

Sikugeuka. Nilikuwa Kamusi. Mifano yangu yote ilikuwa imefanya kazi, na huyu alikuwa baba mdogo mbele ya kijiji kizima, nilitaka aone kwamba dume lake halikwenda bure.

Nikajibu mwenyewe: "Baba, ni kama ng'ombe uliyemweka kwa rafiki."

Kwa wasiotoka kwetu niwaeleze. Mtu mwenye ng'ombe hawaweki wote zizi moja, ugonjwa ukija atabaki mikono mitupu. Anachukua jike, anampeleka kwa rafiki au shemeji kijiji kingine. Yule anachunga, anakamua, maziwa yake, samadi yake. Ila ng'ombe ni wako na ndama ni wako. Ukipata shida, iwe msiba au mahari, unakwenda asubuhi na kamba mkononi. Rafiki akiiona kamba haulizi. Anakupa uji unywe, anafungua zizi. Kuuliza "unampeleka wapi" ni utovu wa adabu, na urafiki unaweza kufia hapo.

Nikaendelea, nimeshapata moto: "Ile hewa ndiyo maziwa. Wao wanakunywa maziwa. Mlima ni ng'ombe wako."

Godauni zima likaguna ule mguno wa kukubali. Mzee mmoja nyuma akasema kumbe jambo lenyewe ni dogo hivi. Baba mdogo akanitazama, akatabasamu, akakaa.

Dada Irene akaniinamia: "Ameuliza nini?"

Nikamwambia: "Alitaka ufafanuzi kidogo. Nimemfafanulia."

"Wameelewa kweli?"

"Wameelewa sana."

Aliniuliza tena mara ya pili jioni kwenye gari, wakati tunarudi Musoma. Nikamwambia hawa ni watu wangu, usiwe na wasiwasi.

Wakatia dole gumba. Baba mdogo alitia la kwanza.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha. Mvua zilikuwa nzuri, uwandani majani tele, mlima hauna aliyeuhitaji. Shule ikaezekwa bati madarasa mawili. Vijana wanne wakaajiriwa kulinda msitu, wakapewa mabuti na koti za kijani. Nikienda nyumbani nakaribishwa kama mkwe.

Halafu kikaja kiangazi kile.

Mnaokaa Mara mnakijua. Mvua za vuli hazikuja. Visima vya uwandani vikabaki tope, kisha tope likapasuka. Majani yakaisha mpaka ng'ombe wakawa wanakula maboksi.

Baba mdogo alikuwa na ng'ombe kumi na mmoja. Akafanya kile alichofanya kila kiangazi maishani mwake, akawapandisha mlimani.

Walinzi wakawakamata. Vijana wa kijijini hapohapo, watoto aliowaona wakizaliwa. Ng'ombe wakafungiwa kwenye uzio wa ofisi ya kijiji siku mbili bila maji ya kutosha, mpaka faini ilipolipwa. Ndama mmoja hakuamka.

Mimi nilikuwa Musoma. Nilisikia kwa simu, nikasema ni kutoelewana tu, nitakwenda wikiendi. Wikiendi nikapelekwa semina.

Jumatatu yake, asubuhi saa tatu hivi, nipo ofisini naandika ripoti, nasikia mlinzi wa getini anacheka: "Mzee, huku hatununuagi kamba. Nenda kule sokoni."

Nikachungulia dirishani. Baba mdogo Magesa amesimama getini. Amevaa koti lake la kanisani, viatu vimejaa vumbi. Mkononi ana kamba mpya ya katani, imesokotwa na kukunjwa vizuri.

Nilipoiona ile kamba, niliinuka. Nilijua ni kadhia gani imemleta.

Nikamleta ndani. Dada Irene akatoka ofisini kwake, akamsalimia kwa heshima, akampa kiti. Baba mdogo hakukaa. Mwenye kamba hakai kabla hajasema lililomleta.

Akaniambia kwa Kizanaki: "Waambie nimekuja kuchukua mlima."

Dada Irene akaniuliza: "Anasemaje?"

Nikasema: "Ana malalamiko kidogo kuhusu walinzi."

Wakuu, nilisahau kwamba mzee huyu Kiswahili anakisikia. Akaniangalia. Kisha akasema tena kwa Kizanaki, bila kupandisha sauti: "Mimi sikusema hivyo. Sema nilichosema."

Nikamwambia Dada Irene: "Anasema amekuja kuchukua mlima."

"Kuuchukua vipi? Na hiyo kamba ni ya nini?"

Ikabidi nieleze. Yote. Ng'ombe wa rafiki, maziwa, kamba, nikiwa nimesimama katikati ya wale watu wawili. Wenzangu kwenye meza wameacha kuchapa. Mmoja alicheka, kisha akaona sura ya Dada Irene akanyamaza.

Dada Irene akaniuliza polepole: "Uliwaambia wanaweza kuuchukua muda wowote?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Nilikuuliza mara mbili wameelewa. Mara mbili."

Akamgeukia baba mdogo, akasema kwa Kiswahili, na niliona kwamba anaona aibu: "Mzee, samahani sana. Mkataba ni wa miaka thelathini. Kijiji kilisaini. Hata mimi siwezi kuurudisha."

Baba mdogo hakumjibu yeye. Aliniuliza mimi: "Ng'ombe gani anakaa kwa rafiki miaka thelathini?"



Akasema: "Basi huyo aliuzwa. Kwa nini hukuniambia anauzwa?"

Akageuka akatoka. Nilimkimbilia getini nimtafutie usafiri, nimnunulie hata soda, alikuwa hajala. Akasema ana haraka.

Mchana ule ndipo nilipousoma mkataba wa Kiingereza kwa mara ya kwanza, ukurasa kwa ukurasa. Kila kitu kilikuwemo. Miaka, mifugo, faini, nini kitatokea kijiji kikijitoa. Hakuna aliyekificha. Kilikuwa pale kimekaa kinasubiri mtu akitafsiri, na mtu huyo nilikuwa mimi.

Dada Irene alijaribu. Aliandika barua kwa wakubwa wake, akaomba angalau mifugo iruhusiwe sehemu moja ya mlima wakati wa ukame. Tukafungua kile kinachoitwa utaratibu wa malalamiko. Hiyo nayo ni istilahi, wakuu: maana yake ni fomu ya kurasa tatu, unaijaza, inapewa namba, na unaambiwa usubiri. Namba tulipata.

Jibu lilipokuja lilisema jamii ilitoa ridhaa huru, ya awali na yenye taarifa, na ushahidi upo. Ushahidi wenyewe ulikuwa ripoti ya mkutano wa godauni. Imeandikwa kwamba wananchi waliuliza maswali na kujibiwa kwa lugha yao mpaka wakaridhika.

Ripoti ile niliandika mimi. Sahihi yangu iko chini.

Ng'ombe wa baba mdogo wanne walikufa. Wawili wakauzwa wamebaki mifupa. Waliosalia aliwaswaga kwa miguu mpaka upande wa Bunda, karibu na ziwa, kwa rafiki yake wa zamani mkulima wa pamba. Wapo huko mpaka leo. Zizi lake nyumbani limeota majani. Kwa mzee wa kwetu, asubuhi ni kutoka nje ukasikia mifugo yako inalia. Yeye sasa anatoka, anasimama, anarudi ndani.

Koo zile nyingine mbili zinasema ukoo wetu uliwauza kwa sababu mtoto wetu alikuwa anakula kule. Kwenye msiba wa mwisho baba mdogo hakupewa nafasi ya kusema, na hilo halijawahi kutokea.

Wengine mtaniuliza kama niliacha kazi. Sikuacha. Nilikaa mpaka mkataba wangu ukaisha wenyewe, maana kodi ya chumba Bweri haijui majuto. Hilo nalo nimeona nisilifiche.

Nilichojifunza sasa.

Mfano mzuri ni hatari kuliko neno gumu. Mtu akisikia neno gumu anajua hajaelewa, atauliza tena. Ukimpa mfano mtamu anaondoka na mfano wako wote, pamoja na sehemu zake ambazo si kweli. Mimi nilikopa maziwa na ng'ombe, nikasahau kwamba nimekopa na kamba.

La pili, ukiitwa kutafsiri, tafsiri. Swali la mtu si lako. Lipeleke kwa mwenye jibu hata kama unadhani unalijua, hata kama kuku anapoa.

La tatu ni kwa wanavijiji wenzangu mnaoletewa miradi ya kaboni, ya umeme jua, ya majiko, ya chochote. Sisemi mikataa. Mingine ina faida, na dunia kweli inapata joto, mimi nimekiona kiangazi kile. Ila msiulize tu "tunapata nini." Ulizeni "tunaacha kufanya nini, kwa miaka mingapi," na ulizeni watu wawili tofauti. Na kama anayewaelezea ni mtoto wenu, muulizeni mara tatu, maana yeye ndiye mnayemwamini bila kumkagua.

Kama humu kuna mtu aliyewahi kusimamia mikataba hii na anajua mlango wowote wa kuirekebisha, hata dirisha, aweke hapa chini. Na wewe uliyewahi kuwa mkalimani wa mradi kijijini kwenu, njoo useme ulivyolieleza lile neno la ukurasa wa mwisho. Matusi pia nayapokea, nina uzoefu nayo.

NYONGEZA: Nimeona wengi mnauliza swali moja, kama nimekwenda kumwomba baba mdogo msamaha. Nimekwenda. Nilikuwa sitaki kuliandika hili ila sawa.

Nilikwenda na sukari na blanketi, kama inavyotakiwa. Nikapiga magoti pale mlangoni, nikasema kwa Kizanaki kila kitu, kwamba nilijibu nisichokijua, kwamba niliandika ripoti, kwamba alikuwa ameuliza swali sahihi na mimi ndiye niliyelizuia lisifike. Mama mdogo alikuwa analia jikoni, namsikia.

Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniinua kwa mkono, akaniwekea kiti.

Tangu nazaliwa, mzee huyu hajawahi kuniambia neno la Kiswahili. Kiswahili chake ni cha polisi, bwana shamba na watu wa kodi. Anakiongea kwa shida, anasimama katikati kutafuta maneno.

Akaniambia: "Karibu, bwana. Hakuna shida. Wewe ulikuwaga kazini."

Nikamjibu kwa Kizanaki. Akaniuliza kwa Kiswahili habari ya Musoma, na mvua ya huko inaendeleaje. Nikajibu tena kwa Kizanaki. Akaendelea na Kiswahili chake, taratibu, akitafuta maneno moja moja, mpaka nilipoaga.